Aliyelala kwako Usambara ni mgeni au mpangaji?

Ndugu msomaji, ukisimama Mazinde, wilayani Korogwe, kando ya barabara iendayo Same na Moshi, ukainua macho, utaona ukuta wa mlima. Chini ni joto na mkonge. Juu, kiasi cha mita elfu moja, ni Irente na Lushoto, kwenye baridi, mapeasi na kabichi, na nyuma yake msitu wa Magamba. Kutoka huko hadi Mtae, tangu miaka ya 1990, vijana wa Ulaya hupita na mabegi mgongoni siku tatu au nne, wakilala vijijini. Nami nimeipita njia hiyo kwa miguu na nikalala katika nyumba za watu. Nimerudi na suala la fiqhi ambalo naona masheikh wetu hawajalitazama: huyu anayelala kwa Msambaa kwa malipo, ana haki ya mgeni?

Mazinde yenyewe inalijua jambo la wageni. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliuacha mlima akakaa hapo bondeni kwa sababu misafara ya biashara baina ya pwani na bara ilipita hapo. Baba yake alikaa Vuga, juu, na aliyemtaka alimpandia. Krapf alipanda mwaka 1848. Wakaja wageni wengine, Wajerumani, ambao Lushoto waliigeuza jina wakaiita Wilhelmstal. Hao walizidisha siku tatu.

Nimetaja siku tatu kwa makusudi. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ameiweka takrima ya mgeni kuwa ni siku tatu, ya kwanza ikiwa na uzito zaidi, na kinachozidi hapo ni sadaka. Sisi Waswahili tumeipunguza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili ambao hausomwi sana misikitini: mgeni hahalalikiwi kukaa mpaka akamtia mwenyeji dhiki, akawa hana cha kumkirimu.

Wanazuoni wamekhitalifiana. Wengi wanasema kukirimu ni sunna iliyotiliwa mkazo. Laith bin Saad na Imam Ahmad wanasema ni wajibu usiku wa kwanza, naye Ahmad anauweka wajibu huo kwa watu wa vijijini na jangwani. Imam Malik naye amenukuliwa kwamba watu wa miji hawana jukumu hilo, maana mjini kuna soko na nyumba za kufikia. Zingatia sababu hiyo. Msafiri aliyeko Mombo ana gesti na mama lishe. Aliyeingiliwa na giza kwenye kijiji cha mlimani, mvua inanyesha, ana mlango wa mtu tu.

Sasa, yule kijana wa Ulaya hakuingiliwa na giza. Amepangiwa tangu mjini, na amelipa. Mama anayempokea anaamka alfajiri, anachota maji, anapika, anamtandikia kitanda cha wanawe, nao wanalala chini. Hiyo ni kazi. Katika Suratul Kahf watu wa mji mmoja walikataa kuwakirimu Musa na Khidhri (AS), kisha Khidhri akausimamisha ukuta wao uliokuwa karibu kuanguka. Musa akamwambia kwamba angetaka, angeuchukulia ujira. Hakuona aibu kuutaja ujira, na sioni kwa nini mama wa Kisambaa aone aibu.

Nyumba moja niliyolala, mwenyeji aliniambia kwamba waliowaleta wageni kwake, ambao sitawataja, humpa fedha kidogo baada ya siku nyingi, na hajui mgeni alilipa kiasi gani. Akiuliza, huambiwa kwamba ukarimu ni mila ya Wasambaa. Hapa ndipo ninapokasirika. Mila haiwezi kuwa takrima kwa anayepika na biashara kwa anayeleta. Ikiwa ni ijara, sharti lake ni ujira ujulikane kabla ya kazi, na apewe aliyefanya kazi. Ikiwa ni takrima, basi asiuziwe mtu mlangoni.

Wapo wanaosema kwamba fedha hizi zimeharibu watu, na sasa hata Muislamu mwenzao akipita anaulizwa ana shilingi ngapi. Mimi sikuliona hilo. Mwenyeji huyo huyo alikataa fedha zangu, kwa kuwa nilifika mwenyewe jioni na salamu, bila ya kuletwa. Nikabakia na njia ya zamani: asubuhi nilibeba kuni pamoja na wanawe, na sukari nikaiacha jikoni bila ya kusema.

Kwa hiyo yeye hajazichanganya hukumu hizi mbili. Waliozichanganya wako mjini. Serikali za vijiji zina uwezo wa kulimaliza, kwa kuwa mgeni yeyote hupitia kwa mwenyekiti na kuandikwa kwenye daftari. Pembeni ya jina lake iongezwe safu moja: kiasi alichopewa mwenye nyumba, na sahihi ya mwenye nyumba mwenyewe.