SOMO LA MADEREVA: LOKI YA DIFU WAKATI WA MVUA

Malori ya matoke yanayoleta mzigo soko la Kalerwe hupata taabu msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Lori likiacha lami tu, hukwama, na utingo hushuka kusukuma. Ndugu madereva, basi tuifahamu difu.

Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Difu huyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti. Lakini gurudumu moja likizama topeni, hilo huzunguka bure, na lililo pakavu husimama tu. Loki huzifunga shafti zote mbili, magurudumu yazunguke pamoja.

Funga kabla ya kuingia topeni, gari likiwa limesimama au likitambaa. Wengi hungoja mpaka gurudumu linazunguka kwa kasi ndipo wafunge. Hapo meno ya loki huvunjika. Ukitoka topeni, fungua. Kwenye lami kavu gari lililofungwa hukataa kona, hula matairi, hata hukata shafti, na tunajua nani huulizwa kwanza. Taa ya loki ikikataa kuzimika, legeza mafuta, uende polepole bila kukata kona mpaka izimike.

Mahali palipoinama ubavuni, loki ni hatari. Magurudumu yote mawili yakiteleza, nyuma ya gari huingia mtaroni pamoja na wapakizi walioketi juu ya matoke. Washuke kwanza, hata tajiri akiwa na haraka.