Mtihani wa Kifaransa wa DELF B1: anza na sehemu inayokushinda

Na Mwandishi Wetu, Mombasa

Mwongoza watalii anayezungumza Kifaransa ufuoni kila siku anaweza kuanguka mtihani wa Kifaransa. Mwanafunzi aliyepata alama nzuri za Kifaransa katika KCSE naye anaweza kuanguka mtihani huo huo. Wa kwanza huangushwa na kalamu, wa pili huangushwa na masikio. Wote wawili wangeweza kufaulu kama wangejua mapema jinsi alama zinavyotolewa.

Mtihani wenyewe ni DELF B1. Cheti chake hutolewa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa, na hapa nchini mtihani hufanyika katika vituo vya Alliance Française, kikiwemo cha Mombasa. B1 ni ngazi ya tatu kati ya sita zinazotumiwa kupima lugha, kuanzia A1 hadi C2. Aliyefika hapo anaweza kusimulia safari yake, kueleza tatizo na kutetea maoni yake bila kushikwa mkono. Cheti hakina tarehe ya kuisha.

Kwa mkazi wa kaunti hii, faida iko karibu. Hoteli zetu hupokea wageni wanaozungumza Kifaransa, na bandari yetu hupitisha shehena ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ambako Kifaransa ndicho lugha rasmi. Kijana anayetafuta kazi hotelini au katika kampuni ya usafirishaji ana sababu ya kutaka karatasi inayothibitisha anachokijua.

Sharti la alama 5

Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 25, jumla 100, na kufaulu ni kuanzia 50. Lakini kuna sharti la pili ambalo wengi hulipuuza: ni lazima upate angalau alama 5 katika kila sehemu.

Mimi nililijua sharti hili baada ya kuumia. Mara ya kwanza nilijiandaa kwa vitabu peke yake. Nilipata 21 katika kusoma, 19 katika kuandika, 17 katika kuzungumza na 4 katika kusikiliza. Jumla ilikuwa 61, na bado nilianguka. Alama nzuri hazikuhifadhiwa. Nilirudia mtihani wote na kulipa ada upya.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, fanya mtihani mmoja wa mfano nyumbani kwa kufuata saa. Mifano hupatikana bure katika tovuti ya France Éducation international, taasisi inayosimamia mtihani huu. Jisahihishe bila huruma. Sehemu uliyopata alama za chini ndiyo itakayochukua nusu ya muda wako wa kujiandaa, hata kama huipendi.

Sehemu nne, mbinu nne

*Kusikiliza (kama dakika 25).* Utasikia mazungumzo ya kawaida na vipande vya redio, kila kimoja mara mbili. Soma maswali kabla sauti haijaanza, ili ujue unatafuta nini. Mazoezi bora ni redio. RFI hutangaza kwa Kiswahili pia: sikiliza taarifa ya Kiswahili kwanza, kisha usikilize "Journal en français facile", taarifa yao ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi. Ukishajua habari, sikio hupata pa kushika. Fanya hivi kila siku, si Jumamosi pekee.

*Kusoma (dakika 45).* Kuna matangazo ya kulinganisha na makala za kufahamu. Usikwame kwenye neno moja. Jihadhari pia na maneno yanayofanana na ya Kiingereza: "librairie" ni duka la vitabu, si maktaba, "assister" katika "assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano, si kusaidia.

*Kuandika (dakika 45).* Utaandika barua, makala au insha yenye maneno yasiyopungua 160, ukitoa maoni na kusimulia uliyoyapitia. Tumia dakika 10 kupanga, 25 kuandika na 10 kusahihisha. Wanaozungumza vizuri ufuoni ndio wanaopaswa kuketi hapa zaidi: andika insha mbili kila wiki na umpe mwalimu azisahihishe.

*Kuzungumza (kama dakika 15).* Kwanza utajieleza. Kisha utaigiza hali fulani na mtahini, kwa mfano kulalamika dukani au kumshawishi rafiki. Mwisho utatoa maoni kuhusu makala fupi, na kwa hii tu utapewa dakika 10 za kujiandaa. Usikariri hotuba, mtahini atauliza swali moja tu na hotuba itavunjika. Usipoelewa, sema "Pouvez-vous répéter, s'il vous plaît ?" Kuuliza kwa heshima ni bora kuliko kunyamaza.

Kiswahili chako ni mtaji

Wengi wetu tulifundishwa Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, na hapo tulipoteza msaada mkubwa. Kiswahili kinafanana na Kifaransa mahali ambapo Kiingereza hakifanani.

Wanafunzi huogopa sana "subjonctif". Lakini tunaposema "nataka uje", hatusemi "nataka unakuja". Kitenzi hubadilika mwisho. Kifaransa hufanya vivyo hivyo: "je veux que tu viennes". "Lazima aende" ni "il faut qu'il aille".

Nyakati zilizopita nazo zimo kinywani mwetu. "Nilikuwa nikisoma alipoingia" ni "je lisais quand il est entré". Penye "nilikuwa nikisoma", weka "imparfait"; penye "aliingia", weka "passé composé". Na aliyezoea kusema "kiti kipya, nyumba mpya" hapaswi kushangaa kwamba Kifaransa husema "un nouveau livre" lakini "une nouvelle maison". Sifa hufuata nomino katika lugha zote mbili.

Mitego ipo pia. "Yeye" wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana tunachanganya "il" na "elle" tukizungumza haraka. Saa ni mtego mwingine: "huit heures" ni saa mbili kwetu, na "quatorze heures trente" ni saa nane na nusu mchana. Katika kusikiliza, andika tarakimu kama ulivyoisikia, 8 au 14:30, wala usiigeuze kichwani. Adabu nayo ina alama: mtahini ni "vous", kama vile usivyomwita mkubwa wako kwa jina tupu. "Tu" ni ya igizo ambalo umeambiwa unazungumza na rafiki.

Kabla ya siku yenyewe

Ulizia kituoni tarehe, ada na siku ya mwisho ya kujiandikisha, kwa kuwa mtihani haufanyiki kila wiki. Hakikisha jina unalosajili ni lile lililo kwenye kitambulisho au pasipoti. Siku ya mtihani beba hati hiyo na ufike mapema. Sauti ikishaanza kuchezwa, haitarudiwa kwa ajili ya aliyechelewa.

Niliporudi mara ya pili, Kifaransa changu cha vitabuni kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni miezi mitatu ya redio kila asubuhi ndani ya matatu. Kusikiliza kulinipa alama 14, na cheti nikakipata.