Kemo na Kumbukumbu: Kijitabu cha Familia

Mama aliyekuwa mweka hazina wa chama, aliyejua kwa kichwa nani amelipa na nani ana deni, sasa anafungua daftari na hesabu zinamkataa. Anasimama jikoni ameshika kifuniko cha sufuria, hakumbuki alichofuata. Nambari ya siri ya M-Pesa anaikosea mara tatu, inafungwa. Nyumbani minong'ono inaanza: amekuwa mvivu, anajifanya, au kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Usahaulifu wa aina hii huwapata wagonjwa wengi wa saratani wanaotibiwa kwa kemo, na familia ikiujua mapema, mgonjwa hupunguziwa mzigo wa lawama.

Kinachotokea

Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Za saratani ziko hivyo, lakini hata za nywele na za mdomo ziko hivyo, ndiyo maana nywele hunyonyoka na vidonda hutoka mdomoni. Ubongo nao huguswa: kuna dawa zinazoufikia, na kuna uvimbe wa ndani unaoletwa na ugonjwa na matibabu. Ongeza upungufu wa damu, usingizi wa mang'amung'amu, wasiwasi wa gharama, na kwa baadhi ya akina mama, hedhi kukatika ghafla. Wengine huanza kusahau hata kabla ya dawa ya kwanza.

Mara nyingi mambo ya zamani hayapotei. Kinachopungua ni umakini na kasi. Mama atakusimulia harusi yake yote, lakini ulichomwambia asubuhi hakikuingia. Wengi hupata nafuu miezi kadhaa baada ya dawa kuisha. Baadhi hubaki na usahaulifu huo kwa muda mrefu zaidi.

Usinyamaze kliniki. Katika kituo cha saratani cha Chandaria, ndani ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) mjini Eldoret, mwambie daktari au muuguzi waziwazi: "Siku hizi ninasahau." Upungufu wa damu, maumivu, sonona na dawa zinazoleta usingizi ni mambo yanayoweza kushughulikiwa. Ila usiache kemo kwa sababu ya kusahau. Kuacha matibabu njiani ni tatizo ambalo madaktari wa Eldoret wamelichunguza kwa miaka mingi, hasa kwa watoto, na saratani iliyoachwa hurudi na nguvu.

Mtoto na masomo

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi na walimu wasome polepole. Katika hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la MTRH, hutibiwa watoto wenye leukemia, yaani saratani ya damu. Kwa aina inayowapata watoto wengi, matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu. Seli za leukemia hujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa nyingi za mshipa hazifiki vizuri, kwa hiyo dawa iitwayo methotrexate hudungwa mgongoni moja kwa moja. Sindano hiyo huokoa maisha. Lakini kwa baadhi ya watoto, hasa waliotibiwa wakiwa wadogo sana au waliopigwa mionzi kichwani, huacha athari: mtoto hufikiri polepole, hutawanyika mawazo, na hesabu humlemea. Dalili zaweza kuchelewa kwa miaka, zikatokea mtoto akiwa gredi ya nne au ya tano, wakati ambapo kila mtu anaamini kuwa amepona kabisa.

Kuna mengine yanayofanana na uzito wa akili lakini sivyo. Dawa ya kemo iitwayo vincristine hutia ganzi vidole, mwandiko ukaharibika. Nyingine, cisplatin, inaweza kupunguza uwezo wa kusikia, mtoto akaonekana hamsikilizi mwalimu. Kumchapa au kumwita mjinga mtoto kama huyu ni kumwonea.

Mzazi, omba barua ya daktari uipeleke kwa mwalimu mkuu. Mtoto akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati na muda zaidi wa kumaliza kazi. Baraza la mitihani, KNEC, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, ila ombi hupitia shuleni, kwa hiyo lianze mapema wakati wa usajili.

Nyumbani

Weka daftari moja tu: tarehe za kliniki, dawa, maswali ya kumuuliza daktari. Karatasi zikiwa tano, zote zitapotea. Kazi nzito ya kichwa ifanywe asubuhi. Kutembea kila siku kwa kadiri ya nguvu husaidia mwili na akili. Mambo ya pesa yashikwe na watu wawili wanaoaminiana.

Kwa vidonge, mgonjwa asiachiwe peke yake. Katika leukemia ya watoto, methotrexate ya vidonge humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa kukosea kunaweza kuua. Andika siku yake ukutani, mtu mmoja aisimamie, na dozi ikisahaulika usiirudie bila kuuliza hospitali. Mitishamba pia itajwe kwa daktari, hata ile inayotoka kwa nyanya.

Nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, ukiona haya: joto la nyuzi 38 au zaidi, degedege, kuchanganyikiwa kwa ghafla, usingizi usioamshika, mdomo kwenda upande, au kichwa kuuma sana pamoja na kutapika. Beba daftari, na ukifika getini sema kwanza kwamba mgonjwa yuko kwenye kemo.