Kugawanya Mradi Mkubwa wa Programu katika Kazi Ndogo

Watahiniwa wengi hulijibu swali la mada hii kwa sentensi moja: "Kazi kubwa igawanywe ili iwe rahisi." Jibu hilo si kosa, ila halionyeshi kwamba mtahiniwa anajua kugawanya. Mtahini anataka kuuona mgawanyo wenyewe. Soma mfano ufuatao.

Swali: Shule yenye wanafunzi 600 inahitaji programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba. Gawanya mradi huo katika kazi ndogo na ueleze utaratibu wa kuzitekeleza.

Hatua ya 1: Orodhesha shughuli za mtumiaji. Mkutubi husajili vitabu, husajili wanafunzi, huazimisha, hupokea vinavyorudishwa na hutafuta wanaodaiwa. Hizo ni sehemu kuu tano. Usianze na rangi za skrini.

Hatua ya 2: Gawanya kila sehemu mpaka mtu mmoja aweze kumaliza kazi moja kwa siku moja au mbili. "Kuazimisha" bado ni kubwa. Ndani yake mna:

(a) kupokea namba ya mwanafunzi na ya kitabu;
(b) kukagua kama kitabu kipo na hakijaazimwa;
(c) kukagua kama mwanafunzi hajafikisha kikomo cha vitabu 2;
(d) kuhifadhi rekodi na tarehe ya kurudisha, siku 14 baadaye.

Hatua ya 3: Eleza kila kazi itajulikanaje kuwa imekwisha. Usiandike "kushughulikia kikomo". Andika: "Mwanafunzi mwenye vitabu 2 akiomba cha tatu, programu inakataa na kutoa ujumbe." Kazi inayoweza kujaribiwa peke yake imegawanywa vizuri.

Hatua ya 4: Panga kwa kufuata utegemezi. Kitabu kisichosajiliwa hakiwezi kuazimishwa, kwa hiyo usajili hutangulia. Kurudisha hutegemea kuazimisha. Usajili wa vitabu na usajili wa wanafunzi havitegemeani, hivyo watu wawili wanaweza kuvifanya kwa wakati mmoja.

Kwa nini tugawanye? Mwaka 2005, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliuacha mradi wake wa Virtual Case File baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Miongoni mwa sababu, mahitaji yalibadilika mara kwa mara, na mfumo ulikusudiwa kuanza kutumika kwa mkupuo mmoja. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ulichelewa. Mwaka 2010 FBI ikauchukua mikononi mwake na kuutekeleza kwa vipindi vya wiki mbili mbili. Ulianza kutumika mwaka 2012.

Tahadhari: Vipande lazima viungane. Tuseme mmoja wenu anaandika tarehe kwa kuanza na siku, na mwenzake anaisoma kwa kuanza na mwezi. Kila kipande kitafaulu jaribio lake, lakini kitabu cha kurudishwa 03/05, yaani Mei 3, kitasomwa kuwa cha Machi 5, na mwanafunzi asiye na kosa ataitwa mdaiwa. Kwa hiyo kubalianeni muundo wa data kabla ya kuanza, na mwandike "kuunganisha na kujaribu mfumo mzima" kama kazi inayojitegemea. Watahiniwa wengi huisahau.

Jipime

1. Gawanya "kurudisha kitabu" katika kazi tatu.
2. Eleza jinsi ya kujua kwamba mojawapo imekwisha.

Mwongozo wa majibu

1. Kupokea namba ya kitabu. Kukagua kama kimechelewa. Kufunga rekodi ili kitabu kiweze kuazimwa tena.
2. Mfano: Kitabu kikirudishwa siku ya 15, programu inaonyesha kimechelewa siku 1, kikirudishwa siku ya 14, haionyeshi ucheleweshaji. Jaribu siku zote mbili, kwa kuwa makosa mengi hujificha mpakani.