Mwalimu, Karatasi Zitakaa Wapi?

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha Holili, nilitaka kidato cha tatu waigize Ngoswe badala ya kukariri dhamira zake tu. Waigizaji walipatikana fasta. Akabaki kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kweli sikujua nimpe nini. Nikamwambia, "Wewe utapanga jukwaa." Nilidhani nampa kazi ya kubeba viti.

Tamthiliya hii ya Edwin Semzaba inamhusu karani wa sensa anayenogewa na penzi la Mazoea, hadi karatasi za serikali zinachomwa moto. Mimi nilitaka jukwaa lijae migomba, mtungi na mkeka. Kijana akauliza, "Mwalimu, karatasi zitakaa wapi?" Sikuwa na jibu.

Yeye alikuwa nalo. Aliokota maboksi mawili ya mizigo mpakani, akalaza ubao juu yake, ikawa meza. Akaiweka mbele kabisa, na karatasi juu yake. Kila Ngoswe alipomfuata Mazoea, karatasi zilibaki peke yake machoni petu. Ilipofika zamu ya moto, hatukuwasha hata kiberiti: zilibebwa nje, tukabaki tunaitazama meza tupu. Darasa zima kimya.

Nilichojifunza ni hiki: mandhari ya jukwaani si mapambo. Msanifu wake huanza kwa kusoma mchezo. Ni wapi? Ni lini? Nani anaingilia mlango gani? Kitu gani lazima kionekane? Kisha huchora, na mara nyingi hutengeneza modeli ndogo, mathalani sentimita 1 ikiwakilisha sentimita 25 za jukwaa. Hukaa viti vya pembeni na vya nyuma aone nani atazibwa. Hupiga hesabu ya gharama, ndipo fundi seremala aitwe.

Kwenye filamu kamera husogea karibu, kwa hiyo kazi inakuwa ngumu zaidi. Chukua Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Inatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950. Hapo dishi moja la setilaiti juu ya paa lingeharibu kila kitu. Kuficha nako ni kusanifu.

Anayetaka njia hii ana pa kuanzia: Idara ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au TaSUBa kule Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Na jicho hilohilo linahitajika kwenye studio za televisheni, video za muziki, matangazo, hata kumbi za harusi.

Lakini kwanza lazima mtu amwone. Tulikuwa tunaigiza sensa, na mimi mwenyewe kijana yule sikuwa nimemhesabu. Ukienda kufundisha, ukishagawa nafasi za kuigiza, geuka uangalie dawati la nyuma.