MNYAA MWEKUNDU: MAUMBILE YAKE NA MALEZI YAKE

Hakuna mwanafunzi wa hapa Rwanda asiyeujua mnyaa. Ndio ule mti wenye vijiti vya kijani, vinene kama kalamu ya risasi, ambao wazee wetu wameuzungushia nyua zao tangu zamani. Sisi twauita umuyenzi. Wakikuyu wa Kenya huuita kariaria. Lakini siku hizi wauza miche wanao mnyaa wa namna nyingine, ambao ncha zake ni nyekundu na rangi ya machungwa, kama vijinga vya moto. Mtu huununua kwa furaha, akaupeleka nyumbani, na baada ya miezi michache huona umegeuka kijani. Ndipo hulalamika kwamba amedanganywa. Hakudanganywa, ameulea vibaya. Katika somo hili tutaeleza sababu yake. Tena tutaeleza hatari iliyomo ndani ya mti huu, maana aupandaye bila kuijua hujitafutia balaa.

1. Maumbile yake

Asili ya mnyaa ni Afrika. Wataalamu wa mimea huuita Euphorbia tirucalli, jina lililoandikwa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753. Katika ukoo wake mkubwa wamo mhogo, mbarika na mti wa mpira.

Majani ya mnyaa ni madogo sana, nayo huanguka upesi. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza chakula, ambayo katika miti mingine hufanywa na majani, hapa hufanywa hasa na vijiti vyenyewe. Vijiti hivyo pia ni ghala ya maji. Matundu madogo ya ngozi yake hufunguka zaidi usiku, wakati wa baridi, na kufungwa mchana wa jua kali, ili maji yasipotee. Ndiyo sababu mnyaa huweza kuvumilia kiangazi kirefu bila kufa.

Mnyaa mwekundu ni uzao wa mnyaa huo huo. Tofauti ni kwamba una klorofili kidogo, yaani ile kijani ya mimea inayokamata mwanga. Basi hukua polepole, na kwa kawaida haufiki kimo cha mwenziwe wa uani, awezaye kupita meta 5.

2. Rangi yake yatoka wapi?

Chama chetu cha bustani kilifanya jaribio. Tulichukua miche miwili iliyokatwa katika mti mmoja. Wa kwanza tuliuweka barazani, kivulini, tukautia maji kila siku kama mgonjwa anayeuguzwa. Wa pili tuliupanda juani, kando ya njia yenye kokoto, tukautia maji mara chache tu. Baada ya miezi mitatu ule wa barazani ulikuwa mrefu, mlegevu, wa kijani kitupu. Ule wa njiani ulikuwa mfupi, umesimama imara, na ncha zake nyekundu kama kaa la moto. Katika mwezi wa Julai, kwa ukavu na baridi ya usiku, uling'aa zaidi.

Sababu ni hii. Kivulini mwanga ni haba, kwa hiyo mti huongeza klorofili ili ukamate mwanga uliopo. Juani mwanga ni tele. Kijani hupungua, na rangi nyingine huonekana. Basi anayetaka rangi na aupe mti jua, wala asiudekeze.

3. Jinsi ya kupanda

Kwanza, chagua kijiti kizima chenye urefu wa sentimita 15 hivi, ukikate kwa kisu kikali. Chovya sehemu iliyokatwa katika maji baridi ili maziwa yaache kutoka.

Pili, kiweke kivulini pakavu kwa muda wa juma moja, mpaka kidonda kifunge. Wengi hawana subira, hupanda siku ile ile, na kijiti huoza.

Tatu, tengeneza udongo usiotuamisha maji: nusu udongo wa kawaida, nusu mchanga mnene au kokoto ndogo. Ukitumia kopo au debe, ni lazima litobolewe chini.

Nne, ukishapanda, usitie maji kwa siku chache. Kisha tia maji pale tu udongo unapokuwa umekauka. Wakati wa mvua nyingi, mti ulio kwenye chungu usogezwe chini ya upenu. Mnyaa wafa kwa maji mengi upesi kuliko kwa kiu.

4. Maziwa yake ni sumu

Ukikata mnyaa, mara hutoka maziwa meupe. Hiyo ndiyo silaha ya mti huu. Mifugo huuepuka, na kwa sababu hiyo hufaa kuwa ua. Mahali pengine watu wameyatumia maziwa hayo kulevya samaki mtoni. Yakigusa ngozi huwasha na kutoa malengelenge. Yakiingia jichoni huweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa.

Mwenzetu mmoja alitumwa kupunguza ua kwa panga. Tone moja likamrukia jichoni, naye akalifikicha kwa mkono ule ule uliokuwa na maziwa. Usiku ule hakulala kwa maumivu, na kwa siku nne hakuweza kusoma hata ubao. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Laiti angalijua, angaliosha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda wa robo saa au zaidi, bila kulifikicha, kisha angalikwenda kwa daktari mara moja.

Liko na jambo jingine. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, Uganda, aliandika habari za saratani inayovimbisha taya za watoto. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wameona virusi katika chembe za uvimbe huo. Baadaye wataalamu waligundua katika maabara kwamba maziwa ya mnyaa huweza kuviamsha virusi hivyo. Si kwamba agusaye mnyaa atapata saratani, wala tusikimbilie kung'oa nyua zetu. Malaria ndiyo inayotajwa zaidi kuwa mshirika wa virusi hivyo. Lakini yatosha kutufundisha kwamba maziwa haya si mchezo wa watoto, wala si dawa ya kunywa.

Basi, ukatapo mnyaa vaa glavu na miwani, simama upande upepo utokako, kisha osha mikono na kisu kwa sabuni. Usiupande pale wadogo zako wanapochezea.

Mti huu hautaki mengi: wataka jua, kiu kidogo, na heshima. Ukiunyima la kwanza na la pili utakunyima rangi yake. Ukiunyima la tatu waweza kukunyima macho yako.

MASWALI

1. Kwa nini vijiti vya mnyaa hufanya kazi ya majani?
2. Eleza kwa nini mnyaa mwekundu uliowekwa kivulini hugeuka kijani.
3. Kuna faida gani kukausha kijiti kabla ya kukipanda?
4. Rafiki yako ameingiwa na maziwa ya mnyaa jichoni. Utafanya nini, na utamkataza nini?