Siri ya Mume na Lawama za Mavyaa

*Bi. Mshauri. Nimeolewa hapa Mombasa, huu mwaka wa nane. Vipimo vilionyesha kwamba mbegu za mume wangu ni chache mno, naye akaniapisha nisimwambie mtu. Tulikwenda Nairobi kwa siri kutafuta tiba, na sindano nikawa nazificha katika jokofu, ndani ya kopo la achari. Sasa nina mimba ya wiki saba, na moyo wa mtoto tumeuona ukipiga. Lakini jana nimeona matone ya damu. Mavyaa, ambaye miaka yote hii ameniita tasa, anasema ni miti yake iliyonipa mimba, na anataka nizidi kuinywa. Mume wangu amenyamaza. Nifanyeje?*
*— Mwenye Siri, Mombasa*

Mwanangu,

Kabla ya shauri la mume na mavyaa, nianze na damu, kwa kuwa hiyo haingoji. Matone ya damu katika miezi mitatu ya mwanzo huwapata wanawake wengi, yapata mmoja katika kila wanne, na aghalabu mimba zao huendelea salama. Walakini mpigie simu daktari wako leo hii, na iwapo damu itazidi, au ukashikwa na maumivu makali ya tumbo au ya bega, au kizunguzungu cha kutaka kuzimia, nenda hospitali saa ile ile bila ya kungoja idhini ya mtu. Dawa za hospitali usiziache ila kwa amri ya aliyekupa. Wala usijifungie kitandani kwa kudhani kwamba kutembea kutaiangusha mimba, maana kulala hakuizuii mimba inayotoka, na nyingi katika zile zitokazo mapema hutoka kwa kasoro ya kromosomu iliyokuwamo tangu kutungwa kwake, si kwa kosa la mama.

Ama dua za mavyaa, zipokee kwa taadhima. Lakini miti yake, ambayo hapana aliyepima nguvu zake juu ya mtoto wa wiki saba, iweke kando, na umwambie kwa upole kwamba daktari amekukataza kuchanganya dawa.

Sasa nije kwa mumeo. Uchache wa mbegu ni maradhi kama maradhi mengine, na katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, sababu ya upande wa mume imo, peke yake au pamoja na ya mke. Tangu mwaka 1992, matabibu wa Brussels, nchini Ubelgiji, walipotangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kuidunga mbegu moja tu ndani ya yai, wanaume wengi waliokwisha kukata tamaa wameitwa baba. Na ikiwa kinachomtia hofu ni dini, basi na ajue kwamba Sheikh Jad al-Haq, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1980 ya kuijuzisha tiba ya kutungisha mimba nje ya mwili, maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na nikaha baina yao ingalipo.

Kiapo ulichompa ni amana, mwanangu, nami sikushauri uivunje kwa kumfichulia mavyaa katika saa ya hasira. Lakini kustahimili kwako kuitwa tasa hakumo katika kiapo hicho. Mwambie mumeo, mkiwa peke yenu na nyoyo zimetulia, kwamba mzigo huu umekuchosha, na kwamba wa kuutua ni yeye. Hahitaji kueleza habari za mbegu, yatosha aseme: "Mama, mimba hii tumeipata kwa tiba ya hospitali, na kuchelewa kwetu hakukutoka kwa mke wangu. Nakuomba jina la utasa lisitajwe tena nyumbani humu."

Nawe bwana, endapo mkeo atakusomea jawabu hili: siri ya mwili wako ni haki yako, lakini hukuwa na haki ya kuilipia kwa heshima yake. Amedungwa sindano, amebeba matusi, na sasa anabeba mtoto wako. Nenda ukaseme na mamako wiki hii, wala usingoje mpaka mtoto azaliwe.